Violeti za porini: hii ni ipi na ile ni ipi? Tulinganishe majani na maua

Niseme mapema tu, rangi haikusaidii. Watu wengi wanaanza na rangi, "nimeona violeti ya zambarau, inaitwaje?", na hapo umeshapotea, kwasababu violeti moja ileile, Viola sororia, inaweza kutoa ua la zambarau, la bluu, jeupe lenye mishipa ya zambarau, au jeupe lenye vidoavidoa, na yote hayo yakaota kwenye uwanja mmoja hatua chache toka mlangoni kwako. Kwahiyo ukiona mtu anakutajia jina kwa kuangalia rangi peke yake mshukuru afu endelea kuchunguza.

Naongelea huku katikati na mashariki ya Marekani, kuanzia Minnesota na Missouri mpaka Maine na Virginia, ambako waswahili siku hizi tumejaa, Wabongo, Wakenya, Wakongo, Warundi, na ambako mwezi wa nne na wa tano violeti ziko kila kona. Illinois, Wisconsin, New Jersey na Rhode Island zote zimeichagua violeti kuwa ua la jimbo, Illinois tangu 1908, kwahiyo sio mmea wa kuusaka. Kuipata ni rahisi, kazi ipo kwenye kujua umepata ipi, na hilo lina umuhimu wake kama unataka kula majani, kama unataka kupanda bustanini, au kama ni udadisi tu, ambao kwangu mimi unatosha kabisa.

Kwanza, ni violeti kweli?

Ua la violeti lina petali tano, yaani vile vipande vya rangi vya ua: mbili juu, mbili pembeni, moja chini, na hiyo ya chini inaendelea nyuma inakuwa kimkia chenye uwazi ndani, humo ndo kuna asali ya kuwavuta nyuki. Ukiligeuza ua ukakuta kimkia, uko njia sahihi. Ukikikosa, achana na ua hilo.

Kwenye majani ndo watu wanaumia, sababu jani la umbo la moyo linalotoka chini sio la violeti peke yake, kuna mimea kibao inayo. Ficaria verna ina majani ya moyo yanayong'aa na maua ya njano yenye petali nyingi, saba kwenda mbele, na ina sumu ukiila mbichi. Packera aurea nayo kabla haijapandisha maua yake ya njano ina majani ya moyo yenye meno, chini yake zambarau, na ina sumu inayoharibu ini. Asarum canadense inatoa majani mawili mapana yenye vinyweleo laini, ua lake la kahawia limejificha chini kabisa kwenye udongo, na hiyo ina asidi inayoua figo, wala usijaribu. Glechoma hederacea haina ubaya sana lakini inadanganya wengi maana ua lake ni zambarau na liko palepale kwenye nyasi, ila shika shina lake utasikia lina pembe nne, na majani yametoka mawilimawili yakitazamana, kitu ambacho violeti haifanyi.

Ishara moja nzuri ya jani la violeti ambayo wengi hawaijui: jani changa linatoka likiwa limekunjwa kingo zote mbili kuelekea ndani, na hata likishakua sehemu ya karibu na kikonyo mara nyingi inabaki imejikunja kidogo, kama imetengeneza faneli. Ukiiona mara moja hutoisahau.

Na kabla hamjaniuliza, ile violeti ya kwenye kopo dirishani ambayo wazungu wanaiita ya Kiafrika sio violeti kabisa, ni ya ukoo mwingine, asili yake milima ya Usambara na misitu mingine ya kwetu Tanzania pamoja na Kenya kidogo, na huku ukiiweka nje baridi inaiua. Violeti za kweli kwetu zipo, Viola abyssinica kwa mfano inatambaa kwenye misitu na nyasi za milimani Kenya, Tanzania, Uganda mpaka Ethiopia, ila hiyo leo tuiache.

Swali la kwanza: shina liko wapi

Chuchumaa. Fuata kikonyo cha ua mpaka kinapoanzia. Kama ua lina kikonyo chake kinachotoka moja kwa moja ardhini na kila jani nalo lina kikonyo chake kinachotoka ardhini, hiyo ni violeti isiyo na shina la juu, shina lake limelala chini ya udongo. Kama kuna shina limesimama na majani yamepangana juu yake na maua yanachomoza kwenye kwapa za majani, hiyo ni yenye shina. Basi. Hapo tayari umeshapunguza nusu ya majina, bila lenzi, bila kitabu, na apu za simu mara nyingi zinaboronga hapohapo kwasababu watu wanapiga picha ya ua kwa juu, shina halionekani, afu apu inakurudishia sororia kwa kila kitu.

Sasa tuingie kwenye zenyewe.

Viola sororia na Viola cucullata

Hizi ndo zinazochanganywa kuliko zote, acha nikae hapa kidogo. Zote hazina shina la juu, zote majani ya moyo, zote bluu kuelekea zambarau, na zote ua kama sentimita mbili hivi.

Angalia kwanza urefu. Sororia maua yake yanakaa usawa wa majani au chini yake kidogo, yanachungulia tu. Cucullata maua yanapanda juu ya majani waziwazi, vikonyo virefu, ukisimama mbali unaona maua yanaelea na majani yako chini huko. Lakini urefu peke yake unaweza kukuangusha sababu sororia iliyoota kivulini kwenye majani mengi makavu nayo inajivuta, kwahiyo nenda kwenye ndevu.

Ndevu ni vile vinywele vyeupe vilivyopo ndani ya petali mbili za pembeni, karibu na koo la ua. Kwa sororia ni virefu, vyembamba, ncha zimechongoka. Kwa cucullata ni vifupi na ncha zake zimevimba, vina vichwa kama njiti za kiberiti. Hii ndo alama ninayoiamini kuliko zote na lenzi ndogo ya mkono au kamera ya simu ukiisogeza karibu inatosha kuiona. Pia cucullata petali zinakuwa na rangi iliyokoza kuzunguka koo, ua lina jicho jeusijeusi katikati, wakati sororia katikati ni peupe.

Tatu ni mahali. Cucullata inapenda maji, kando ya vijito, chemchemi, sehemu kiatu kinazama. Sororia inaota popote, chini ya miti, pembeni ya barabara, kwenye ufa wa lami, kwenye nyasi zako ulizolipia zikatwe. Ukiniletea violeti ya uwanjani ukasema cucullata nitakubishia mpaka unionyeshe hizo ndevu.

Kuhusu vinyweleo vya majani, zamani zile sororia zisizo na vinyweleo ziliitwa jina lingine, Viola papilionacea, kwahiyo ukikuta jina hilo kwenye kitabu cha zamani usichanganyikiwe, wengi siku hizi wanaziweka pamoja. Cucullata majani yake kwa kawaida ni laini bila vinyweleo. Na kuna ya tatu inayojipenyeza hapo katikati, Viola affinis, jani lake ni moyo mwembamba, refu kuliko upana, na petali ya chini nayo ina ndevu. Sororia petali ya chini kwa kawaida haina. Kwahiyo usiishie kuangalia pembeni tu, chungulia na chini.

Sororia na Viola odorata

Odorata imeletwa toka Ulaya, watu waliipanda bustanini ikatoroka. Ua lake lina harufu, ile harufu tamu ya pipi za kizamani na manukato, afu kuna kitu cha ajabu, unainusa mara ya kwanza vizuri, mara ya pili huisikii, unadhani ua limeisha harufu kumbe pua yako ndo imezimwa kwa muda na kemikali yake inaitwa ayononi. Subiri kidogo inarudi.

Sororia hainukii. Lakini kuna watu pua zetu hazisikii vizuri, na asubuhi ya baridi hata odorata inaweza isinukie, kwahiyo shika majani uyapekue: odorata inatoa vishina vinavyotambaa juu ya udongo na kuotesha mizizi mbele kuzaa mmea mwingine, wakati sororia haitambai, inanenepa tu palepale kwa shina lake la chini. Jani la odorata ni la mviringo zaidi, moyo butu. Na ukitaka uhakika kamili, ng'oa petali taratibu uangalie kile kijiti cha kike katikati ya ua: cha odorata ncha imepinda kama ndoano.

Odorata inawahi pia, mwezi wa tatu inaweza kuwa imeshachanua pale ambapo sororia bado inajinyoosha.

Zenye majani ya maumbo mengine

Hapa raha kidogo maana jani lenyewe linakupa jina. Viola sagittata jani lake limekaa kimshale, refu, na pale chini karibu na kikonyo lina vijino vikubwa au vipande vilivyotokeza pembeni, inapenda sehemu kavu za mchanga zenye jua. Tahadhari tu kwamba majani yake ya kwanza kabisa ya mwaka yanaweza yasiwe na umbo hilo vizuri, kwahiyo angalia jani lililokomaa.

Halafu kuna zile zilizochanikachanika, na hapa kuna mbili za kulinganisha kwa makini, Viola pedata na Viola pedatifida. Majina yanafanana, majani yanafanana, yote yamekatwa vipande vyembamba vyembamba, wenyewe pedata wanaiita violeti ya mguu wa ndege. Jibu liko kwenye ua. Pedata haina ndevu hata kidogo, ua ni pana na bapa, kubwa kuliko violeti nyingi za huku, na katikati yake kuna kitu cha rangi ya machungwa kimechomoza nje, hizo ni stameni, viungo vya kiume vya ua. Pedatifida ina ndevu petali za pembeni na stameni zimejificha ndani. Ukishaona ile machungwa huna haja ya kuendelea. Kuna pedata nyingine petali mbili za juu ni zambarau iliyokoza sana karibu na weusi na tatu za chini zimepauka, aisee hiyo ni nzuri, kwa maoni yangu hamna violeti ya porini inayoifikia.

Pedatifida ni ya mbuga za nyasi za katikati ya nchi, Iowa, Illinois, Minnesota kule. Pedata inapatikana eneo pana zaidi, mpaka pwani ya mashariki, lakini lazima udongo uwe mkavu na unaopitisha maji, mchanga au mawe. Viola palmata nayo jani limegawanyika ila vipande ni vipana, kama vidole vya kiganja, na ua lina ndevu.

Nyeupe

Nyeupe zenye shina ni mbili kubwa, Viola canadensis na Viola striata. Zote zinasimama, zote majani ya moyo yenye ncha, zote msituni. Watu wanahangaika kweli na hizi kumbe jibu liko kwenye kitu ambacho hamna anayekiangalia, stipuli, vile vijani vidogo viwili vilivyopo pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Canadensis stipuli zake ni nzima, kingo zimenyooka, zimepauka. Striata stipuli zimechanika pembeni zina nyuzinyuzi kama kitambaa ambacho hakijapindwa. Angalia hapo tu, umemaliza.

Kama unataka ua pia: canadensis koo lake ni la njano na petali kwa nyuma zina zambarau, kwahiyo ua likiwa bado halijafunguka vizuri linaonekana la zambarau afu likifunguka ni jeupe. Striata ni nyeupe ya maziwa, nyuma hamna zambarau, ila petali ya chini ina mistari ya zambarau. Canadensis inarefuka, inaweza kufika sentimita 40, striata inaanza fupi na baada ya maua mashina yake yanazidi kurefuka na kulala.

Nyeupe zisizo na shina ni vitu vidogo sana, sentimita moja hivi ua. Viola blanda jani ni moyo, vikonyo mara nyingi vyekundu, petali mbili za juu zimejikunja kwenda nyuma au kujipinda, ina harufu. Viola lanceolata jani ni refu jembamba, urefu unazidi upana mara tatu au zaidi, huwezi kuikosea, ipo kwenye mchanga wenye maji kando ya mabwawa. Ya katikati yao jani la duara-refu ni Viola primulifolia, na hata wataalam wanabishana kama ni spishi au mchanganyiko.

Njano

Hapa swali la shina linamaliza kesi karibu peke yake. Viola pubescens ina shina, limesimama, majani mawili mpaka manne yamekusanyika huko juu, na ua la njano lenye mistari ya kahawia linatokea hapohapo. Viola rotundifolia haina shina, na inachanua mapema sana, majani yake wakati huo bado madogo na hayajamaliza kufunguka, kwahiyo unaona kiua cha njano karibu na ardhi. Ukirudi kiangazi hutaamini ni mmea uleule, majani yamekuwa mapana ya mviringo yamelala bapa juu ya udongo.

Jina pubescens maana yake yenye vinyweleo, lakini usiitegemee sana, zipo nyingi ambazo hazina kitu.

Bluu zenye shina

Viola labradorica na Viola rostrata, zote fupi, bluu iliyopauka, stipuli zina meno. Ligeuze ua pembeni uangalie ule mkia wa nyuma. Rostrata mkia ni mrefu kupita kiasi, sentimita moja mpaka mbili, unazidi hata petali zenyewe, ua linaonekana limebeba pembe. Labradorica mkia ni wa kawaida tu. Rostrata haina ndevu na ina duara la rangi iliyokoza kuzunguka koo, labradorica ina ndevu. Jihadhari na jina labradorica kwenye maduka ya miche, mara nyingi wanachouza kwa jina hilo, chenye majani ya zambarau, ni violeti ya Ulaya, Viola riviniana.

Vidogo vya mashambani

Viola bicolor na Viola arvensis ni za mwaka mmoja, zinaota kwenye mashamba na pembeni za barabara, stipuli zao ni kubwa zimekatika vipande mpaka unadhani ndo majani. Bicolor petali ni ndefu kuliko sepali, vile vijani vya kijani vinavyolishika ua kwa nyuma, na rangi ni bluu ya maziwa. Arvensis petali zinalingana na sepali au ni fupi kuliko sepali, rangi ya krimu na njano, na hiyo imetoka Ulaya.

Sasa ipi ya kula, ipi ya kupanda

Kwa mboga, sororia. Sio kwa sababu ni tamu kuliko zote, ila kwa sababu iko nyingi, haiishi hata ukichuma, na ukiifahamu vizuri ni vigumu kuikosea ikiwa na maua. Majani machanga yana vitamini A na C, na yakipikwa yanateleza, yaani ni mlenda kabisa, waliozoea mlenda watafurahi na wasioupenda msije kulalamika. Mi napendekeza uchanganye na mchicha au sukuma maana peke yake ladha imepoa. Odorata nayo inaliwa, majani na maua. Maua ya zote mbili unaweza kuloweka kwenye maji ya moto ukapata sharubati ya bluu, kamulia limau inageuka pinki hapohapo mbele ya watoto, ni mchezo wa zamani sana huo, mwanasayansi Robert Boyle mwaka 1664 aliandika kwamba sharubati ya violeti inageuka nyekundu ukiweka asidi na kijani ukiweka alkali.

Mizizi na mbegu usile, zinatapisha. Njano mi siziweki sufuriani, watu wengi wanaozijua wanasema zinaendesha tumbo, na kwa nini uhangaike wakati sororia imejaa. Na chuma wakati wa maua tu mpaka uzoee, kwasababu ile mimea yenye sumu niliyoitaja juu inafanana na violeti kwenye majani, ila ua haiwezi kuigiza. Uwanja unaopuliziwa dawa ya magugu uache, pembeni ya barabara kuu pia, na kwenye hifadhi za serikali usichume kabla hujasoma sheria ya pale.

Kwa bustani inategemea una nini. Kivuli na udongo wa kawaida, striata au sororia, ila sororia ujue haitokaa ilipopandwa, itatembea. Sehemu yenye maji maji, cucullata. Kivuli cha miti mikubwa na unataka kitu kirefu cheupe, canadensis. Jua kali na mchanga, pedata, lakini pedata ni mkaidi, udongo ukishika maji mizizi inaoza, na tafadhali usiing'oe porini, haipendi kuhamishwa na itakufia, nunua mche toka kwa wanaouzalisha kwa mbegu. Zozote utakazopanda utawavuta vipepeo wale wakubwa wa rangi ya machungwa wenye madoa, Speyeria, ambao viwavi wao wanakula violeti tu. Kwahiyo ukikuta jani limetafunwa usikimbilie dawa.

Maua yakiisha je?

Kuanzia mwezi wa sita maua ya rangi yanaondoka lakini violeti nyingi zinaendelea kutoa maua mengine yasiyofunguka kabisa, hayana petali za maana, yanajichavusha yenyewe humohumo ndani na kutoa mbegu nyingi kuliko yale mazuri. Yatafute, yanasaidia. Sororia yanalala chini ya majani, mengine yamefunikwa na udongo kabisa. Cucullata vikonyo vyake vimesimama wima. Pedata haina kabisa. Kwahiyo hata mwezi wa nane bila ua lolote la rangi bado unaweza kutofautisha sororia na cucullata kwa kuangalia hicho kikonyo tu kimelala au kimesimama.

Tunda likikomaa linapasuka pande tatu na kurusha mbegu mbali, na kila mbegu ina kipande cha mafuta ambacho sisimizi wanakipenda wanaibeba mpaka kwao. Ndo maana unakuta violeti imeota katikati ya ufa wa saruji na unajiuliza nani aliipanda.

Halafu kuna zile ambazo zitakukatalia kila jina, jani nusu moyo nusu mshale, ndevu za kati, mahali pa kati. Violeti zisizo na shina zinazaana zenyewe kwa zenyewe sana, sororia hasa haichagui jirani. Ezra Brainerd, aliyekuwa rais wa chuo cha Middlebury kule Vermont, alitumia miaka mingi kuzipanda kwa mbegu kuonyesha kwamba nyingi zilizopewa majina mapya zilikuwa machotara tu. Ukiwa na mashaka subiri tunda likaribie kupasuka, lifungue kwa ukucha, angalia mbegu: zikiwa zimejaa na kupangana vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni spishi safi, zikiwa chache na nyingine zimesinyaa ni chotara, andika majina ya wazazi wote wawili unaowahisi, weka alama ya kuzidisha katikati, songa mbele kwenye inayofuata.